Upatanifu wa Kumbukumbu katika Mashine Pepe: Mgeni, Mwenyeji na Kifaa Wanaposoma Maneno Tofauti

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba nomino ikishatajwa katika sentensi, viambishi vyote vinavyoitegemea hulazimika kukubaliana nayo. Husema kitabu changu kimepotea. Akisema kitabu yangu limepotea, hata msikilizaji asiyejua ngeli ni nini hutambua papo hapo kwamba pana kasoro. Ndani ya kompyuta mna sharti la namna hiyo. Neno moja lililohifadhiwa katika kumbukumbu huweza kuwa na nakala kadhaa, kila nakala mikononi mwa mtumiaji wake, na nakala hizo zote hupaswa kusema jambo moja. Zikikosa kukubaliana, kompyuta hailalamiki kama alalamikavyo msikilizaji wa sentensi mbovu. Huendelea na kazi yake huku ikishikilia jibu la uongo.

Makala haya yananuia kulieleza sharti hilo, ambalo tutaliita upatanifu wa kumbukumbu, na hasa namna linavyotunzwa pale ambapo kifaa halisi, mathalani kadi ya michoro, kinakabidhiwa mashine pepe. Mada yenyewe ni ya wahandisi, wala hatukusudii kuwanyang'anya. Tumeona inafaa kuletwa katika jarida la Kiswahili kwa kuwa inamgusa kila anayehifadhi kazi yake kwenye seva ya kukodi. Mtu huyo anaishi nyumba moja na wapangaji asiowajua, na sehemu ya ukuta unaomtenga nao imejengwa kwa sharti hili. Isitoshe, Kiswahili kimezoea kutafsiri uso wa kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo tumepata maneno ya kutosha ya menyu, vitufe na madirisha. Vilindi vya mashine havijasemwa sana kwa lugha hii, na kwa maoni yetu hakuna sababu ya kiisimu ya kuvikwepa.

Kumbukumbu na nakala zake

Prosesa za leo hufanya kazi kwa kasi inayoishinda sana kumbukumbu kuu. Lau prosesa ingelazimika kwenda kwenye kumbukumbu kuu kila inapohitaji neno, ingetumia muda mwingi ikingoja kuliko ikifanya kazi. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha makala mafupi akipendekeza kumbukumbu ndogo, yenye kasi, iwekwe karibu na prosesa ili ishikilie nakala ya yale yanayotumika mara kwa mara. Yeye aliiita kumbukumbu tumwa. Kampuni ya IBM iliitia katika mashine ya kibiashara, System/360 Model 85, iliyotangazwa mwaka 1968, na katika kuandika habari zake likachaguliwa neno lenye asili ya Kifaransa lenye maana ya mahali pa kuficha vitu. Neno hilo ndilo lililoenea duniani, nasi tutalitumia kwa tahajia yetu: kashe. Tungeweza kusema ghala au bohari, lakini bohari huhifadhi kitu chenyewe ilhali kashe huhifadhi nakala, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wote unaofuata.

(Msomaji atagundua kwamba neno kumbukumbu nalo lina utata wake, kwa kuwa katibu wa chama chetu huandika kumbukumbu za mkutano. Muktadha hutusaidia.)

Tuchukue mfano wa masjala ya chuo. Jalada la kila mwanafunzi limo masjalani, na hiyo ndiyo kumbukumbu kuu. Mhadhiri anayesahihisha hataki kwenda masjalani kila anapobadilisha alama moja, kwa hiyo huchukua nakala ya ukurasa, huiweka mezani pake na kuandika humo. Hapo alama sahihi imo mezani na alama iliyochakaa imo jaladani. Hakuna ubaya wowote, mradi kila anayehitaji alama apitie kwa mhadhiri. Siku mhadhiri atakapoirudisha nakala, jalada litasahihishwa. Kashe nyingi hufanya kazi kwa mtindo huo huo wa kuandika sasa na kurudisha baadaye. Katika prosesa za Intel na AMD kipande kinachochukuliwa kwa mara moja, kinachoitwa mstari, huwa na ukubwa wa baiti 64.

Matatizo huanza wahadhiri wanapokuwa wawili. Prosesa moja siku hizi huwa na viini vingi, kila kimoja na kashe yake, na viini viwili huweza kushika nakala za mstari ule ule. Mwaka 1984 Mark Papamarcos na Janak Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza itifaki ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa nyingine nyingi. Kila mstari hupewa mojawapo ya hali nne: umebadilishwa, ni wa pekee, unashirikiwa, au ni batili. Kiini kikitaka kuandika katika mstari unaoshirikiwa, hutangaza nia yake, na wengine wote hubatilisha nakala zao. Kiini kikitaka kusoma, wengine husikiliza ombi lake njiani, na aliye na nakala mpya huitoa.

Kitendo hicho cha kusikiliza maombi ya wengine njiani tutakiita kudukiza. Kudukiza ni kusikiliza mazungumzo yasiyokuhusu, na hapa kashe husikiliza maombi ambayo hayakuelekezwa kwake. Kwa bahati mbaya nduguye, udukuzi, ameshachukuliwa na magazeti kwa maana ya kuvunja usalama wa kompyuta, basi tuyatenganishe mawili hayo. Kudukiza kwa kashe ni wajibu wake halali.

Neno upatanifu nalo linahitaji kutetewa. Wenzetu wa isimu matini wana istilahi muwala, na mwanafunzi aliyewahi kusoma uchanganuzi wa usemi angedhani ndiyo inayofaa. Hatukuichagua. Muwala huhusu mawazo kufuatana na kukamilishana katika matini, lakini viini vya prosesa havikamilishani mawazo. Vinatakiwa tu vikubaliane kuhusu kitu kimoja kilekile, kama kiambishi kinavyokubaliana na nomino. Upatanisho wa kisarufi uko karibu zaidi.

Kifaa kinapoingia masjalani

Hadi hapa tumezungumzia prosesa pekee. Lakini kadi ya mtandao, diski na kadi ya michoro nazo husoma na kuandika katika kumbukumbu kuu zenyewe, bila kumtuma prosesa. Huyu ni tarishi mwenye ufunguo wa masjala. Akiingia na kutoa jalada bila kumuuliza mhadhiri, ataondoka na alama iliyochakaa.

Katika kompyuta za ukoo wa Intel na AMD, desturi ni kwamba tarishi huuliza. Ombi la kifaa hupita mahali ambapo kashe hulidukiza, na iwapo mojawapo inayo nakala mpya, nakala hiyo ndiyo inayotolewa. Kwa ajili hiyo waandishi wengi wa programu-endeshi za vifaa katika kompyuta hizo hawajawahi kulazimika kufikiri juu ya upatanifu.

Hata hivyo kuna mlango wa pembeni. Katika mfumo wa PCI Express, kila ombi la kifaa huweza kubeba alama ndogo inayosema: usidukizwe. Alama hiyo iliwekwa kwa sababu ya maana. Kudukiza kuna gharama, na kifaa cha michoro husoma kumbukumbu kwa wingi na bila kukoma ili skrini isikatike. Sehemu kubwa ya kinachosomwa hakijaguswa na prosesa hata kidogo. Kuwasumbua wahadhiri wote kwa kila ukurasa kama huo ni hasara tupu. Basi kifaa huruhusiwa kwenda masjalani moja kwa moja, kwa sharti kwamba programu-endeshi itahakikisha majalada yanayohusika yamekwisha kusahihishwa.

Programu-endeshi ina njia mbili za kulitimiza sharti hilo. Huweza kuutangaza ukurasa kuwa haupaswi kuingia kashe, jambo linaloandikwa katika jedwali la kurasa pamoja na anwani yake. Au huweza kuitoa nakala kwa amri maalumu. Amri ya CLFLUSH, iliyokuja na Pentium 4, hurudisha mstari mmoja. Amri ya WBINVD, iliyokuwepo tangu prosesa ya 486 ya mwaka 1989, hurudisha kila kilichomo katika kashe nzima kisha huifuta yote. Ya kwanza ni kijiko, ya pili ni kumwaga sufuria.

Mgeni, mwenyeji na uongo usio na madhara

Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine. IBM iliifanyia kazi fikra hiyo katika miaka ya 1960, na kuiuza kwa jina la VM/370 kuanzia mwaka 1972. Kwenye prosesa za kawaida iliwezeshwa vyema Intel na AMD walipoongeza msaada wake katika maunzi, miaka ya 2005 na 2006. KVM, ambayo ndiyo tutakayoitegemea kwa mifano, ilianzishwa na Avi Kivity katika kampuni ya Qumranet na kuingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.20 mnamo Februari 2007. Leo huduma ya mashine za kukodi ya Google imesimama juu ya KVM.

Wahandisi huiita mashine halisi mwenyeji, na mashine pepe mgeni. Ni istiari ambayo Mswahili haitaji kufafanuliwa, ingawa mgeni wetu hapa hapewi jembe siku ya tatu: hulipa kwa saa.

Mgeni huamini kuwa kumbukumbu anayoiona ni halisi. Kwa kweli, anwani anayoitaja hupitia majedwali mawili. La kwanza ni lake mwenyewe, la pili ni la mwenyeji, na la pili ndilo linaloamua ukurasa huo uko wapi hasa. Katika prosesa za Intel, jedwali la mwenyeji huamua pia aina ya ukurasa: je, uingie kashe au usiingie? Mwenyeji hata anaweza kuweka alama inayosema kwamba lolote aliloandika mgeni kuhusu kashe lipuuzwe.

Kwa muda mrefu KVM imeitumia alama hiyo kwa mashine pepe za kawaida, na kwa mantiki nzuri. Vifaa vya mgeni wa kawaida si vifaa. Diski yake ni faili, kadi yake ya mtandao ni programu inayoendeshwa kwenye prosesa ya mwenyeji. Programu hiyo inasoma kumbukumbu kupitia kashe ileile, kwa hiyo upatanifu unatunzwa bila juhudi. Mgeni akiomba ukurasa usioingia kashe, hupewa ulioingia, na kazi yake huenda kwa kasi zaidi ya alivyotarajia. Akitoa amri ya WBINVD, mwenyeji huikamata, hafanyi lolote, kisha humjulisha kwamba amri imetekelezwa. Ni uongo, lakini hakuna awezaye kuugundua wala kudhurika nao.

Amri hiyo ya mwisho isingeweza kuachwa huru kwa sababu nyingine. Kashe ni ya nyumba nzima. Mgeni mmoja akiruhusiwa kuimwaga apendavyo, majirani wote watajikuta wakianza upya kuchota kila neno kutoka kumbukumbu kuu.

Kifaa halisi mikononi mwa mgeni

Kuna wageni wasioridhika na vifaa vya kuigiza. Anayefanya hesabu nzito za michoro hutaka kadi yenyewe. Mwaka 2012, katika toleo la 3.6 la Linux, uliingizwa mfumo wa VFIO ambao humwezesha mwenyeji kumkabidhi mgeni kifaa halisi kwa usalama. Usalama huo hutokana na kitengo cha maunzi ambacho tutakiita mlinzi wa anwani. Kila ombi la kifaa hupita kwake, naye hukagua kama anwani iliyotajwa ni ya mgeni husika, kisha huigeuza iwe anwani halisi. Bila mlinzi huyo, mgeni angeweza kuiagiza kadi yake isome kumbukumbu ya jirani, nayo ingetii.

Sasa uongo wa mwenyeji unaanza kuwa na madhara. Tarishi halisi ameingia nyumbani. Ikiwa kifaa kinaweza kutuma maombi yasiyodukizwa, basi mgeni aliyeomba ukurasa usioingia kashe alikuwa na haja ya kweli. Anaandika picha katika ukurasa akiamini kwamba maneno yanaenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu. Kwa kuwa amedanganywa, maneno hayo yamo katika kashe. Kadi inasoma kumbukumbu kuu na kuchora kilichokuwepo zamani. Anatoa WBINVD ili kurekebisha, na amri yake inamezwa kimya kimya.

Njia bora ya kutoka hapa ni kumtumia mlinzi wa anwani. Baadhi ya walinzi wa Intel wana uwezo wa kuilazimisha kila ombi lidukizwe, hata kama kifaa kimeweka alama ya kukataa. Mlinzi akiwa na uwezo huo kwa vifaa vyote alivyokabidhiwa mgeni, KVM huendelea na uongo wake wa zamani, kwa kuwa kwa mara nyingine hauna madhara. Lakini mlinzi anayehudumia kadi ya michoro iliyojengwa ndani ya prosesa za Intel mara nyingi hana uwezo huo, kwa sababu ileile tuliyoitaja ya kuogopa gharama ya kudukiza. Kwa hali hiyo VFIO humjulisha KVM kwamba mgeni huyu ana kifaa kisichopatana na kashe. KVM naye hubadilisha mwenendo: huanza kuheshimu aina za kurasa anazoomba mgeni, na WBINVD yake hutekelezwa kweli.

Kutekelezwa kweli kunahitaji uangalifu. Prosesa ya mgeni ni pepe; dakika hii inaendeshwa kwenye kiini cha tatu, dakika ijayo kwenye cha saba. Nakala zilizochakaa huenda zimeachwa njiani. Ndiyo maana KVM huweka orodha ya viini vyote ambavyo prosesa hiyo imepitia, na amri ya mgeni hupelekwa kwa kila kimoja.

Sifuri zisizofika

Tulisema hapo juu kwamba ukuta baina ya wapangaji umejengwa kwa sehemu na sharti la upatanifu. Huu ndio ushahidi wake, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu ya mada hii inayostahili kufikiriwa zaidi.

Mpangaji akihama, kurasa zake za kumbukumbu hurudi kwa mwenyeji. Kabla mwenyeji hajampa mwingine ukurasa huo, huujaza sifuri, ili mpya asisome ya wa kale. Ukurasa wa kawaida ni baiti 4096, yaani mistari 64 ya kashe. Lakini sifuri hizo zimeandikwa wapi? Zimeandikwa na prosesa, kwa hiyo zimo katika kashe. Kumbukumbu kuu ingali na barua, nywila au tasnifu ya aliyehama, ikingoja mistari irudishwe kwa wakati wake. Prosesa yoyote itakayosoma kwa njia ya kawaida itaona sifuri, na kila mkaguzi atashuhudia kwamba nyumba imefagiliwa.

Mgeni mpya mwenye kifaa kisichodukizwa hana haja ya kupita njia ya kawaida. Huiagiza kadi yake isome ukurasa huo, ukurasa ambao ni wake kihalali, na mlinzi wa anwani hana sababu ya kukataa. Kadi huenda masjalani moja kwa moja na kurudi na maneno ya mpangaji wa zamani. Hapa hakuna mlango uliovunjwa wala ufunguo ulioibwa. Kila afisa alifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Ni nakala mbili tu ambazo hazikukubaliana.

Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa kuwa mistari ya kashe hutolewa yenyewe nafasi inapohitajika. Mshambulizi pia hachagui ni ukurasa wa nani atakaoupata. Lakini usalama wa mashine za kukodi haujengwi juu ya matumaini kwamba mshambulizi atakawia. Mwaka 2024 wasanidi wa Linux waliwekewa mezani pendekezo la kuziba pengo hilo: ukurasa utolewe kashe kabla ya kuunganishwa na kifaa kisichopatana, na utolewe tena unapotenganishwa nacho. Mara ya pili inahitajika kwa sababu ya upande wa mwenyeji. Kifaa au mgeni huweza kuwa ameandika katika kumbukumbu kuu huku mstari wa kale ukibaki katika kashe. Mwenyeji akiuchukua ukurasa huo na kuutumia, naye atasoma kitu kisicholingana na kilichomo, na makosa yatokanayo na hilo ni ya aina inayomtesa mhandisi kwa majuma, kwa kuwa hayarudii yanapotafutwa.

Jirani wa ARM

Katika prosesa za ukoo wa ARM, ambao KVM iliwafikia katika toleo la 3.9 la mwaka 2013, hali ilikuwa kinyume kwa namna ya kufurahisha. Huko, kwa muda mrefu, mwenyeji hakuweza kumdanganya mgeni hata kama angetaka. Aina mbili za ukurasa, ya mgeni na ya mwenyeji, zilipokutana, iliyo kali zaidi ndiyo iliyoshinda. Mgeni akisema ukurasa usiingie kashe, hauingii.

Basi kile kilichokuwa uongo salama kwa Intel kikawa ukweli wa hatari. Mashine inapowashwa, mgeni huanza bila jedwali lolote la kurasa, na husoma kumbukumbu bila kupitia kashe. Mwenyeji ndiye aliyemwandalia programu yake ya kwanza, na aliiandika kupitia kashe. Asipoirudisha kwenye kumbukumbu kuu kabla ya kumwamsha mgeni, mgeni huamka na kusoma takataka. KVM ya ARM ililazimika kuitoa kashe kila ukurasa mpya unaopewa mgeni.

Kadi ya michoro ya kuigiza ilileta kituko zaidi. Mgeni, akidhani ana kadi halisi, alichora katika kumbukumbu yake bila kupitia kashe, kama ifanyikavyo kwa kadi halisi. Programu ya mwenyeji iliyoigiza kadi hiyo ilisoma picha kupitia kashe. Matokeo yalikuwa skrini yenye vipande vya picha mpya na ya zamani vilivyochanganyika. Suluhisho lililopendekezwa halikuwa kurekebisha kadi hiyo. Wageni walishauriwa kutumia kadi ya aina nyingine, isiyojifanya kuwa halisi, ambayo picha yake hukaa katika kumbukumbu ya kawaida ya mgeni. Baadaye, katika toleo la Armv8.4 la usanifu huo, maunzi yaliongezewa uwezo wa mwenyeji kulazimisha kurasa zote ziingie kashe. Kwa maneno mengine, ARM walijifunza kudanganya.

Ukweli uliokuwa mzito kuliko uongo

Mtu angeweza kuuliza: kwa nini mwenyeji wa Intel asiheshimu tu maombi ya mgeni wakati wote, akaacha ujanja? Swali hilo lilipata jibu la vitendo mwaka 2024. Prosesa nyingi za Intel za siku hizi hudukiza kashe zao wenyewe hata zinaposoma ukurasa uliotangazwa kuwa hauingii kashe, kwa hiyo hatari ya nakala mbili kupingana ndani ya prosesa huondoka. Wasanidi wa KVM waliamua kwamba katika prosesa hizo ombi la mgeni liheshimiwe daima. Kulikuwa na faida ya kweli, hasa kwa kadi za michoro za kuigiza zinazoshirikiana kumbukumbu na kadi halisi ya mwenyeji.

Haikuchukua muda malalamiko yakafika. Programu-endeshi moja ya zamani ya kadi ya kuigiza, ya Bochs, ilikuwa imeitangaza kumbukumbu ya picha kuwa ya aina ile kali isiyoingia kashe kabisa, badala ya aina nafuu inayokusanya maandiko kabla ya kuyapeleka. Kwa miaka mingi kosa hilo halikuonekana, kwa sababu mwenyeji alikuwa akilipuuza. Siku alipoanza kulitii, kila nukta ya skrini ikaandikwa kwa safari yake peke yake, na katika baadhi ya prosesa mpya za seva, kama vile Sapphire Rapids, wageni walikwama kiasi cha kushindwa kuwaka. Badiliko likatenguliwa mwaka huo huo. Mwaka 2025 ikafikiwa njia ya kati: mwenyeji huendelea kumpuuza mgeni kama desturi, lakini anayeendesha mashine anaweza kuiondoa desturi hiyo kwenye prosesa zinazofaa. Mwenye kifaa halisi kisichopatana, kama tulivyoona, hajawahi kuwa na hiari katika jambo hili.

Kuhusu kesho hatuna mengi. Itifaki ya CXL, iliyotangazwa mwaka 2019, huruhusu kifaa kuwa na kashe yake na kushiriki katika itifaki ya upatanifu kama kiini kingine cha prosesa. Kwa vifaa vya namna hiyo tarishi huwa ameketi mezani pamoja na wahadhiri, na matatizo mengi ya makala haya hayamhusu. Kadi za michoro zilizojengwa ndani ya prosesa za miaka iliyopita hata hivyo zingali zinafanya kazi kwa maelfu, na kila inapokabidhiwa mgeni, VFIO bado hulazimika kumuuliza mlinzi wa anwani swali lile lile: je, unaweza kuilazimisha idukizwe?